SOMO LA ROBO HII: Kupata Mahali kwa Dira na Ramani ya Kompyuta



Somo la robo hii limetokana na kosa letu wenyewe. Usharika mmoja uliomba msaada wa mradi wa maji ya mserereko. Chanzo kiko ng'ambo ya korongo, chini ya miti mikubwa. Kamati ilikwenda kukitambua wakati wa masika, mto ukiwa umejaa, na hakuna aliyethubutu kuvuka. Wakasimama ukingoni, wakaiona miti inayokizunguka chanzo, wakafungua simu na kuandika namba za mahali pale waliposimama. Fomu ikafika ofisini kwetu. Sisi tukaziweka namba zile kwenye ramani ya kompyuta, tukapima urefu wa bomba, tukaandika andiko la mradi. Hatukuuliza hata swali moja dogo: je, mliposimama ndipo kilipo chanzo? Fundi naye alikagua njia ya bomba kutoka kijijini hadi pale namba zilipomwelekeza, akarudi.

Fedha zilikuja, mabomba yakanunuliwa, vijana wakachimba mtaro kwa kujitolea. Mabomba yakaishia upande huu wa korongo. Ilitubidi kuwaandikia wafadhili, kueleza na kuomba radhi, kisha kusubiri nyongeza. Akina mama wakaendelea kuteremka korongoni na ndoo kichwani kwa kiangazi kingine kizima. Kamati haikudanganya, nasi hatukula fedha ya mtu. Tulikosa ujuzi mdogo ambao tungeweza kuupata kwa siku moja. Ndiyo maana tunauandika hapa.

1. Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa Rungwe

Wilaya yetu si tambarare. Mvua ya Tukuyu inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na mito kama Kiwira na Mbaka imekata mabonde yenye kuta kali ikielekea Ziwa Nyasa. Wengi wetu tumesimama pale Daraja la Mungu na kuona jinsi maji ya Kiwira yalivyoupita mwamba. Katika nchi ya namna hii, mita 300 kwenye ramani zinaweza kuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu, kushuka na kupanda.

Mtu atauliza: kwa nini tusiende penyewe na simu au kifaa cha GPS? Mkiweza kufika, nendeni. Hiyo ndiyo njia bora. Lakini mara nyingi mto hauvukiki, au mteremko ni wa hatari, au mwenye shamba hajatoa ruhusa ya kupita. Aidha, hata ukifika chini ya korongo, chini ya miti minene, kifaa huona sehemu ndogo tu ya anga. Ishara za setilaiti hugonga kuta za bonde kabla ya kukufikia, na namba unazosoma zinaweza kukosea kwa makumi ya mita. Hapo ndipo dira inapotusaidia.

2. Kanuni yenyewe

Ukisimama mahali unapopajua na kukielekezea dira kitu unachokiona, dira hukupa namba kati ya 0 na 360. Kaskazini ni 0, mashariki 90, kusini 180, magharibi 270. Namba hiyo tunaiita mwelekeo. Ukichora mstari kwenye ramani kutoka uliposimama kwa mwelekeo huo, kitu unachokitafuta kiko mahali fulani juu ya mstari. Bado hujui kiko umbali gani.

Sasa nenda mahali pa pili unapopajua, upime mwelekeo wa kitu kilekile, uchore mstari wa pili. Mistari inapokatana ndipo kitu kilipo. Ukipima kutoka mahali pa tatu, unapata mstari wa kuthibitisha. Torati ilitaka neno lisimame kwa mashahidi wawili au watatu (Kumbukumbu la Torati 19:15). Kwenye ramani ni vivyo hivyo: mstari mmoja hautoshi, miwili inatoa jibu, na wa tatu unaonyesha kama wale wawili walisema kweli.

Huko Marekani, walinzi wa misitu wametumia njia hii tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mlinzi wa mnara mmoja alipima mwelekeo wa moshi, mwenzake wa mnara mwingine akapima wake, na mistari ilipokatana wakajua moto uko wapi. Sisi tunaoishi chini ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe, msitu ambamo kima aitwaye kipunji alitambuliwa na wanasayansi mwaka 2003, tunaweza kufanya vivyo hivyo wakati wa kiangazi kwa vijiji viwili na simu mbili.

3. Hatua za kufuata

(a) Chagueni sehemu mbili au tatu upande mnaoweza kufika, palipo wazi, na ambapo kitu kinaonekana. Mistari ikatane kwa pembe nzuri. Bora ikaribie digrii 90, na isipungue 30. Mkisimama sehemu mbili zilizokaribiana mno, mistari itakwenda karibu sambamba, na kosa dogo la dira litasogeza makutano mbali sana.

(b) Katika kila sehemu, tulieni dakika chache mpaka kifaa kitulie, kisha andikeni namba za mahali. Andikeni kwenye daftari, si kwenye simu peke yake. Simu huzima, na daftari hubaki.

(c) Wekeni panga na jembe mbali. Sogeeni mbali na mapaa ya bati, magari, pikipiki na nguzo za umeme, maana chuma huivuta sindano ya dira. Kama mnatumia dira ya simu, izungusheni kwanza hewani kwa umbo la namba nane ili ijisahihishe.

(d) Pimeni mwelekeo mara tatu, na watu wawili tofauti wapime. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya digrii 2 au 3, rudieni.

(e) Andikeni mlichokielekezea dira kwa maneno: "mti mkubwa wenye gome jeupe, juu kidogo ya chanzo." Mtu wa pili akielekeza dira kwenye mti mwingine, mistari itakatana vizuri, lakini mahali pasipohusika.

(f) Kwenye kompyuta, fungueni ramani yenye picha za setilaiti. Google Earth ina kipimio cha mstari ambacho huonyesha urefu na mwelekeo pamoja. Anzieni pale mliposimama, vuteni mstari mpaka mwelekeo usomeke kama ule wa daftari, kisha urefusheni kupita ng'ambo. Uhifadhini, halafu mchore wa pili na wa tatu.

(g) Wekeni alama kwenye makutano, msome namba zake. Kisha mlinganishe na picha: je, pana miti? Je, ni upande sahihi wa mto? Kumbukeni kwamba picha inaweza kuwa ya miaka kadhaa iliyopita.

4. Mfano wa hesabu

Tuseme sehemu A na B ziko kwenye barabara ya kijiji, B ikiwa mita 400 kusini mwa A. Chanzo kiko ng'ambo, upande wa mashariki. Baada ya masahihisho, mwelekeo wa chanzo kutoka A ni digrii 110, na kutoka B ni digrii 50. Ukichora, mistari itakatana kwa pembe ya digrii 60, ambayo ni nzuri. Chanzo kitakuwa mita 354 hivi kutoka A, na mita 434 hivi kutoka B. Hakuna aliyevuka mto, na tumepata umbali wa pande zote mbili.

Je, kosa laweza kuwa kubwa kiasi gani? Shikeni kanuni hii: kila digrii 1 ya kosa husogeza mstari mita 17 na nusu hivi kwa kila kilometa 1. Dira ya simu ikikosea digrii 5, kwa umbali wa mita 434 mstari utakuwa umehama karibu mita 38. Kwa kupanga mradi, kosa hilo linavumilika. Kwa kuchimba msingi wa tangi, halivumiliki. Kwa hiyo njia hii ni ya kupanga na kuhakiki. Kabla ya kujenga, lazima mtu afike.

5. Kujitafuta mwenyewe kwa kutumia milima

Kanuni hiyohiyo hufanya kazi kinyume. Ukiwa hujui ulipo, lakini unaona vitu viwili vinavyojulikana kwenye ramani, pima mwelekeo wa kila kimoja. Kisha jumlisha 180 (au toa 180 kama namba imepita 180) ili kupata mwelekeo wa kurudi, na uchore mistari kutoka kwenye vitu hivyo kuja kwako. Pale inapokatana ndipo ulipo.

Tukuyu tumejaliwa alama nzuri. Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, uko kaskazini mwa mji. Kyejo uko mashariki. Pembe kati yao inakaribia ile tunayoitaka. Lakini milima hiyo iko mbali. Kwa umbali wa kilometa 12, kosa la digrii 1 ni mita 210. Kilele cha Rungwe nacho ni kipana na mara nyingi kimefunikwa na ukungu, hata hujui uelekeze dira wapi. Basi milima itakuambia uko kwenye kilima kipi, haitakuambia uko kwenye shamba la nani. Kwa kazi ya karibu tumieni mnara wa kanisa, mnara wa simu au paa la shule, mradi kitu hicho kinaonekana wazi kwenye picha ya setilaiti.

6. Makosa manne ya kuangalia

Kosa la kwanza ni kaskazini mbili. Sindano ya dira haielekei kaskazini halisi ya ramani bali kaskazini ya sumaku. Katika eneo letu tofauti ni digrii chache upande wa magharibi, nayo hubadilika polepole mwaka hadi mwaka. Tofauti ikiwa magharibi, toeni namba hiyo kwenye usomaji wa dira. Katika mfano wetu, kama tofauti ni digrii 3, dira ya A ilisoma 113, na baada ya kutoa tukapata 110. Tusingesahihisha, chanzo kingehama karibu mita 24, na katika korongo mita 24 zaweza kukutoa kwenye chemchemi na kukutupa mtoni. Simu nyingi huweza kusahihisha zenyewe ukichagua kaskazini halisi kwenye mipangilio. Angalieni kwanza, msije mkatoa mara mbili.

Kosa la pili ni mawe yetu. Nchi ya Rungwe imejengwa na volkano, na mawe meusi ya volkano yana madini ya chuma yanayoweza kuyumbisha dira. Njia ya kujua ni rahisi. Pimeni kutoka A kwenda B, kisha kutoka B kwenda A. Namba hizo mbili lazima zitofautiane kwa 180. Zisipotofautiana hivyo, mahali pamoja kati ya hayo pana kitu kinachoivuta sindano. Sogeeni hatua ishirini, mpime tena.

Kosa la tatu ni namna ya kuandika namba. Mji wa Tukuyu uko karibu na digrii 9 dakika 15 kusini, na digrii 33 dakika 38 mashariki. Kuna wanaoandika 9.15 na 33.38 wakidhani ni kitu kilekile. Sivyo. Digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo dakika 15 ni robo ya digrii, yaani 9.25, na dakika 38 ni 33.63. Atakayeandika 9.15 na 33.38 ameuhamisha mji wetu kilometa 11 kaskazini na zaidi ya kilometa 25 magharibi. Kwenye fomu zetu tunaomba namba za desimali zenye tarakimu tano baada ya nukta, zikitanguliwa na alama ya kutoa kwa namba ya kusini.

Kosa la nne limejificha zaidi. Ramani za karatasi za Serikali za kipimo cha 1:50,000, ambazo baadhi ya ofisi bado wanazo, zilichorwa kwa msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960. GPS na ramani za kompyuta hutumia msingi mwingine, WGS 84. Namba zilezile zikisomwa kwa msingi tofauti hukupeleka takriban mita 300 kutoka pale palipokusudiwa. Kwa hiyo namba zilizonakiliwa kutoka ramani ya zamani zisiingizwe kwenye simu bila kubadilishwa. Vilevile, namba za GPS zilizopimwa kabla ya Mei 2000 zichukuliwe kwa tahadhari, kwa sababu hadi wakati huo Serikali ya Marekani ilikuwa inapunguza kwa makusudi usahihi wa ishara kwa watumiaji wa kiraia. Jalada la zamani linapotaja chanzo, lihakikini upya.

7. Mistari haisemi kimo

Maji ya mserereko hayafuati ramani, yanafuata kimo. Mistari miwili hukuambia chanzo kiko wapi, lakini haisemi kama kiko juu au chini ya tangi. Kimo kinachosomwa na simu hukosea zaidi kuliko mahali inapoonyesha. Kosa la mita 10 za kimo ni sawa na shinikizo la bar 1 hivi, na laweza kuamua kama maji yatafika kwenye kituo cha kuchotea au yataishia njiani. Kwa hiyo kimo kipimwe na fundi mwenye vifaa vyake. Kamati isimwahidi mtu maji kwa kutazama picha ya setilaiti.

8. Tahadhari kuhusu mipaka

Tunajua kishawishi kipo. Usharika wenye ugomvi wa kiwanja utaona somo hili na kusema, sasa tutapima wenyewe. Tafadhali msifanye hivyo. Kosa la mita 20 ambalo halidhuru mpango wa maji laweza kumnyang'anya jirani mstari mzima wa migomba au michai yake. Mithali 22:28 inatuonya tusiguse alama za mipaka waliyoiweka baba zetu. Mipaka ni kazi ya wapima ardhi wenye idhini, pamoja na wazee wanaoijua historia ya mahali.

9. Neno kwa marafiki wanaotuunga mkono

Nanyi mnaotoa sadaka zenu kwa ajili ya kazi hii, mna haki ya kuuliza. Zamani tuliwaletea picha ya watu wamesimama kando ya bomba. Siku hizi tunawaletea nukta kwenye ramani, na nukta huonekana ya uhakika hata pale isipo ya uhakika. Mkipokea nukta kutoka kwetu, tuulizeni mambo matatu: nani alifika pale, alipima kwa njia gani, na kosa laweza kuwa mita ngapi. Tangu lile tatizo la mabomba, fomu yetu ina sehemu mbili tofauti: "mahali tuliposimama" na "mahali kilipo chanzo." Zikiwa na namba zilezile, mratibu hurudisha fomu na kuuliza.

Kazi hii inachukua muda, na fomu nyingine zimechelewa kwa sababu yake. Tunaomba mtuvumilie. Kuchelewa mwezi mmoja kwa ajili ya kupima ni nafuu kuliko kuchelewa kiangazi kizima kwa ajili ya kutopima.

Ule mradi wa ng'ambo ya korongo hatimaye ulikamilika. Kamati ilirudi wakati wa kiangazi, ikapima kutoka sehemu tatu, na mistari ikakatana karibu sana na ile miti. Kisha vijana wawili wakavuka na kufika penyewe. Mzee mmoja wa kanisa alitazama kompyuta, akacheka, akasema kwamba yeye angetuonyesha mahali hapo kwa kidole tangu siku ya kwanza. Alisema kweli. Hatukumuuliza. Kidole cha mwenyeji ni mstari wa kwanza katika kazi yote hii, na dira ni ya kumsaidia, si ya kumnyamazisha.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika miradi ya usharika wetu, ni sehemu zipi ambazo namba zake ziliandikwa bila mtu kufika? Orodhesheni.

2. Kwenye daftari la kamati, namba za mahali zimeandikwa kwa dakika au kwa desimali? Zote ziko kwa namna moja?

3. Chagueni kitu kimoja kinachoonekana kutoka kanisani, kwa mfano paa la shule. Kipimeni kutoka sehemu mbili, mchore mistari, kisha mwende penyewe na kulinganisha. Mmekosea kwa mita ngapi?

4. Nani miongoni mwa wazee na akina mama wanajua vyanzo vya maji kuliko wengine, na je, wanashirikishwa wakati wa kupima?

Zoezi la tatu likamilike kabla ya mvua kuanza, wakati vilele viko wazi na njia zinapitika. Leteni matokeo ofisini, hata kama mmekosea sana. Tutajifunza pamoja.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.

Mratibu wa Miradi, kwa niaba ya Idara